Kondoo Alikuwa na Haki ya Kubaki

Kuna hoja moja ambayo wasomi wetu wameipokea bila kuikagua. Inasema hivi: hakuna nchi iliyoendelea huku imejaa wakulima wadogo na wafugaji wenye makundi madogo. Uingereza iliwaondoa watu mashambani, ikaunganisha ardhi, ikapata sufu, viwanda na utajiri. Nasi tukitaka kufika huko, lazima tumeze dawa hiyo hiyo, hata kama ni chungu. Nimeisikia katika semina za uzamili, nimeisikia kwenye daladala, nimeisoma katika andiko la mradi lililopambwa kwa grafu za rangi tatu. Kila mara inasemwa kwa sauti ya mtu anayekupa pole huku ameshaamua nani atakayeumia.

Sisemi kwamba hoja hii ina upungufu. Nasema ni ya uongo, na inaumbuliwa na mfano ule ule inaoutegemea. Sitaijibu kwa kuorodhesha mateso ya vijiji vyetu, maana wenye hoja wameshazoea kuyasikia na wana jibu tayari: maendeleo yana gharama. Nitawafuata huko huko wanakotupeleka. Twende Uskoti, mwanzoni mwa karne ya 20, mwezi wa Julai, siku ya kunyoa kondoo.

Kazi ilianza alfajiri. Wachungaji na mbwa wao walipanda mlimani kuwakusanya kondoo waliotawanyika, wakawateremsha hadi kwenye mazizi ya mawe. Kondoo wa milima ile, wenye uso mweusi na pembe zilizojikunja, hawanyolewi siku yoyote tu mtu anapojisikia. Kiangazi kikikolea, sufu mpya huanza kuota chini na kuisukuma ya zamani iachane na ngozi, na hapo ndipo mkasi hupata njia ya kupita kati ya hizo mbili. Ukiwahi, mkasi unakwama. Ukichelewa, sufu inabaki imening'inia kwenye miiba ya vichaka. Mashine ya kunyolea ilikuwa imeshabuniwa: mwaka 1888 shamba la Dunlop, New South Wales, Australia, lilinyoa kundi lake zima kwa mashine. Lakini katika milima ya Uskoti mkono na mkasi viliendelea kufanya kazi kwa miongo kadhaa baadaye.

Mnyoaji alikaa kwenye benchi maalumu, upande mmoja mahali pa kukalia, upande wa pili ubao mrefu wa kumlaza kondoo. Vijana walimkamata kondoo zizini na kumburuta hadi kwake. Sufu ilitoka yote kwa pamoja kama koti linalovuliwa. Wanawake waliipokea, wakaitandaza, wakaikunja, kisha wakaisokota sehemu ya shingo kuwa kamba ya kufungia furushi lenyewe. Gunia kubwa lilining'inizwa juu ya miti, na ndani yake alisimama kijana akikanyaga sufu ili ishikamane. Jioni alitoka humo ananata mafuta ya kondoo tangu vidole vya miguu hadi kifuani. Mwingine alisimama na chungu cha lami, akimpiga kila kondoo aliyenyolewa alama ya mwenye shamba kabla hajaachiwa kukimbilia mlimani, mweupe na mwembamba, huku mwanawe akimtafuta bila kumtambua.

Na wengi wa watu hao hawakulipwa ujira kwa siku hiyo. Walikuja kutoka mashamba ya jirani kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule wa ng'ambo ya mto. Kwetu tungeuita ujima, na sehemu nyingine msaragambo. Mwenyeji alipika, na chakula kikipungua alisemwa mwaka mzima.

Picha za siku hizo zipo nyingi, na zinapendeza. Anayeuza utalii anaziangalia anasema: tazama maisha ya kale, utulivu, watu wanasaidiana. Anayeuza maendeleo anaziangalia anasema: tazama shamba kubwa la kisasa, maelfu ya kondoo, sufu inayolisha viwanda. Wanaonekana kama wapinzani, lakini ni ndugu. Wote wawili wanaangalia kondoo na wanyoaji, na wote wawili hawaulizi swali ambalo mtoto wa mfugaji angeliuliza kwanza. Hii ardhi ni ya nani?

Tuanze na yule mchungaji. Nyumba aliyolala haikuwa yake, ilikuja na kazi, na kazi ikiisha nyumba nayo imekwisha. Mikataba ya watumishi wa mashamba ya Uskoti iliisha kwa misimu maalumu, na tarehe kuu ilikuwa 28 Mei. Siku hiyo barabara zilijaa mikokoteni yenye vitanda, vyungu, kuku na watoto, familia zikihamia kwa tajiri mwingine. Mtoto aliyekuwa ameanza kuelewana na mwalimu wake alianza upya katika shule nyingine. Watumishi wasio na ndoa waliajiriwa kwa miezi sita sita, wakilala wengi pamoja katika chumba kimoja karibu na banda la farasi. Sehemu kubwa ya malipo haikuwa fedha. Ilikuwa unga wa oti, maziwa, viazi na makaa. Mchungaji, hasa wa kusini, aliruhusiwa kuchunga kondoo wake wachache ndani ya kundi la tajiri, na hao ndio walikuwa mshahara wake. Bei ya kondoo ikianguka sokoni, mshahara wake umeanguka bila tajiri kuinua mkono. Chama cha watumishi wa mashamba cha nchi nzima kilipata kuundwa mwaka 1912 tu, chini ya uongozi wa Joseph Duncan. Viwanda vya Glasgow vilikuwa vimeshaunguruma kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa mtazame kondoo. Kondoo wa milima ile anaujua mlima wake. Hakuna uzio. Kondoo jike humfundisha mwanawe mipaka, mwana akikua naye anamfundisha wake, na hivyo kundi linabaki mahali pake kizazi baada ya kizazi. Ukileta kondoo wageni watatangatanga na kupotea. Kwa sababu hiyo mikataba ya ardhi iliweka sharti: mpangaji wa shamba akiondoka, kundi halihami naye. Linabaki mlimani, na mpangaji anayeingia analazimika kulinunua kwa bei inayopangwa na wathamini. Jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba ugomvi wa tathmini hizo ulitungiwa sheria yake ya Bunge mwaka 1937.

Rudia kusoma aya mbili hizo. Katika nchi tunayoambiwa tuiige, kondoo alikuwa na haki ya kubaki mahali alipozaliwa kwa hoja kwamba anapafahamu. Mtu aliyemchunga, aliyepafahamu mahali hapo vizuri kuliko yeye, alipakia mkokoteni tarehe 28 Mei.

Haikutokea kwa bahati mbaya. Mabonde mengi ya kaskazini yaliyojaa kondoo mwaka 1910 yalikuwa yamejaa watu miaka 100 kabla. Walizungumza Kigaeli, walifuga ng'ombe wadogo weusi, walilima vipande vya ardhi vilivyozungukana na malisho ya pamoja. Hawakuwa na hati. Walichokuwa nacho ni ukoo, desturi, na imani kwamba mkuu wa ukoo hawezi kuwauza watu wake. Mkuu wa ukoo akawa kabaila mwenye nyumba London na madeni London, na kondoo wa aina ya Cheviot alilipa kodi kubwa kuliko binadamu. Katika jimbo la Sutherland, ardhi ya Countess wa Sutherland na mumewe, mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza nzima, maelfu waliondolewa. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, nyumba zilibomolewa na mbao za mapaa zikachomwa ili watu wasirudi. Aliyesimamia kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa uchomaji na vifo, akaachiwa huru. Na nani alipangishwa ardhi ile ili aweke kondoo? Sellar mwenyewe.

Walioondolewa walisukumwa pwani, kwenye vipande vya mawe na upepo, wafundishwe uvuvi na kuvuna mwani. Walipokuwa maskini huko pwani, wakaitwa wavivu. Viazi vilipooza mwaka 1846 na njaa ikaingia, wakaambiwa wamezidi kuwa wengi. Huu ndio utaratibu mzima: kwanza unamnyang'anya mtu malisho, kisha unampima kwa umaskini uliompa, kisha umaskini huo unakuwa ushahidi kwamba hakustahili malisho.

Mwenye hoja ya maendeleo atanikatiza hapa. Atasema: sawa, iliumiza, lakini ilizaa matunda. Vizuri, tuhesabu matunda.

Kondoo walilipa kwa miongo michache. Kisha sufu ya Australia na New Zealand ikafurika sokoni, na kuanzia miaka ya 1870 bei zikaanza kuporomoka. Mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilifika London kutoka New Zealand ikiwa na shehena ya nyama ya kondoo iliyogandishwa, na kuanzia hapo hata nyama haikuwa tena na mlinzi. Wapangaji wakubwa, wale wa kisasa, wenye mitaji, walishindwa kulipa kodi wakarudisha mashamba. Makabaila walifanya nini na milima iliyorudi mikononi mwao? Wenyewe wa zamani walikuwa bado hai pwani, wakitazama mabonde ya babu zao kwa macho. Hawakurudishiwa. Milima ilipangishwa kwa matajiri kutoka mijini waje kuwinda kulungu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia zaidi ya ekari milioni 3 za Uskoti zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya kulungu. Waliita maeneo hayo misitu, ingawa mengi hayakuwa na miti.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: watu waliondolewa kwa ajili ya kondoo kwa jina la tija, kisha kondoo wakaondolewa kwa ajili ya kulungu kwa jina la starehe. Tija ilikuwa mgeni wa usiku mmoja. Kilichodumu ni umiliki. Anayetuambia kwamba watu waliondolewa ili ardhi izalishe zaidi aeleze ilizalisha nini ilipokuwa uwanja wa bunduki wa mtu anayefika wiki chache kwa mwaka.

Kuna jambo ambalo semina za maendeleo hulifunika kabisa. Uingereza yenyewe iligeuka. Baada ya wakulima wadogo wa kisiwa cha Skye kupambana na polisi mwaka 1882, serikali iliunda tume, na mwaka 1886 Bunge likatunga sheria iliyompa mkulima mdogo wa Nyanda za Juu haki ya kutoondolewa, kodi ya haki, haki ya kumrithisha mwanawe, na fidia ya alichokijenga. Serikali ya dola tajiri kuliko zote duniani, katika kilele cha viwanda vyake, ilikiri kisheria kwamba mkulima mdogo alindwe dhidi ya kabaila.

Sheria ile haikurudisha ardhi iliyokwisha kuchukuliwa, hivyo watu waliifuata wenyewe. Mwaka 1908 wanaume 10 walifungwa jela Edinburgh kwa kuivamia Vatersay, kisiwa kidogo kilichokuwa shamba la mtu mmoja. Mwaka uliofuata serikali ilikinunua kisiwa hicho na kuwagawia watu vishamba. Baada ya Vita vya Kwanza wanajeshi walirudi kisiwani Lewis wakidai ardhi waliyoahidiwa. Wengine hawakufika: tarehe 1 Januari 1919 meli Iolaire iligonga mwamba karibu kabisa na bandari ya nyumbani, na wanaume wapatao 200 wakafa wakiwa wanaziona taa za mji. Waliofika walimkuta kabaila mpya, Lord Leverhulme wa viwanda vya sabuni, aliyekinunua kisiwa mwaka 1918 na kuwaambia kwamba vishamba havina maana, waje wafanye kazi katika viwanda vyake vya samaki. Waliingia kwa nguvu katika mashamba makubwa ya Coll na Gress, wakapima vipande na kuanza kulima. Leverhulme huyo huyo alikuwa na mashamba ya michikichi Kongo tangu 1911, kwa kibali cha Wabelgiji, na huko watu hawakuulizwa kama wanapenda kufanya kazi au la.

Tubaki na mwaka huo, 1911, maana ndipo hoja inapovunjika mgongo. Mwaka huo Bunge la London lilipitisha sheria ya kupanua ulinzi wa wakulima wadogo kwa Uskoti nzima na kuanzisha chombo cha kuwatafutia vishamba vipya. Mwaka huo huo, chini ya serikali hiyo hiyo, maofisa wake Afrika Mashariki walipata alama za vidole za viongozi wa Wamaasai kwenye mkataba wa kuwahamisha kutoka Laikipia, ardhi ambayo mkataba wa 1904 uliwaahidi kwamba ingekuwa yao maadamu Wamaasai wangalipo. Ng'ombe na kondoo wao waliswagwa kuelekea kusini ili walowezi wapate nafasi ya mashamba makubwa ya mifugo. Wamaasai walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mkataba wao na Mwingereza ulikuwa kama mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuutazama. Walikuwa taifa la kigeni kwa dakika zile tu walizohitaji haki.

Basi ile dawa chungu tunayoambiwa tumeze, mwenye duka alikuwa ameshaacha kuwapa watoto wake alipoanza kutunywesha sisi. Kwa mkulima wa Uskoti, mwaka 1911, maendeleo yalikuwa kubaki. Kwa mfugaji wa Laikipia, mwaka 1911, maendeleo yalikuwa kuondoka. Kilichobadilika kati ya hapo na hapo ni nani alikuwa na kura. Uchumi ulikuwa ule ule.

Najua hoja ya mwisho iliyobaki. Kwamba kwenye nyanda za chini za Uskoti mashamba makubwa yalizalisha kweli, na watu walipata kazi mijini. Sikatai kwamba yalizalisha. Lakini hesabu ya hao watu haikuishia mijini. Walioondolewa walipelekwa Kanada, Australia na New Zealand kwa makumi ya maelfu, na ardhi waliyogawiwa huko ilikuwa ya wenyeji wengine walioondolewa ili wao wapate pa kukaa. Uingereza iliweza kuwatema watu wake kwa sababu ilikuwa na mabara ya kuwatemea. Anayependekeza leo kwamba tumwondoe mkulima wa Afrika Mashariki kwenye ekari zake atuambie Kanada yetu iko wapi. Yupo Tandale? Yupo Kibera? Au ni boda boda ya mkopo na kibanda cha mabati pembezoni mwa mji ambao hauna kiwanda cha kumpokea?

Sidai kwamba jembe la mkono ni zuri, wala kwamba umaskini wa kijijini una heshima ya kipekee. Wanyoaji wale wangecheka wakisikia hivyo, na migongo yao ingecheka nao. Mashine ije, josho lije, barabara ije, bei nzuri ya sufu na ya pamba ije. Ninachokataa ni biashara ya kuambiwa kwamba mashine haiwezi kuja mpaka mwenye shamba aondoke. Kunyoa kwa ujima kulidumu Uskoti hata chini ya makabaila. Ushirikiano haukuwa kikwazo cha kazi, ndio uliofanya kazi iwezekane. Kilichowanyima watu matunda ya ushirikiano huo ni kwamba jioni, gunia likishashonwa, sufu ilikwenda upande mmoja na wao upande mwingine.

Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt, katika jimbo lile lile la Sutherland, walichanga fedha wakainunua ardhi waliyokuwa wakiipanga. Mwaka 2003 Bunge la Uskoti lilitunga sheria ya kuwapa jamii za namna yao haki ya kununua. Karibu miaka 200 baada ya moto wa Strathnaver, nchi ile inaendelea kulipa, kipande kwa kipande, gharama ya kurudisha ilichokiita maendeleo. Tukiletewa tena andiko lenye grafu za rangi tatu linalotaja Uingereza kama mfano, tusikatae mfano huo. Tuusome hadi ukurasa wa mwisho, kwa sauti, mbele ya aliyeuleta.